Miti ya Viwavi ya Lukombe

Mimi nikikasirika sijui kujificha. Marehemu mume wangu alilijua hilo, majirani zangu wa kijiji cha Lusangi wanalijua, na hata kuku wangu wanalijua. Alhamisi ile hasira ilinipanda kabla jua halijapanda, kwa sababu nilipofika kwenye kambi ya wageni na ufagio wangu begani nilimkuta Bwana Gédéon, mwenye kambi, ameuzungushia kamba mti wa mama yangu, anaupima unene.

“Unapima nini hapo?” nikamuuliza.

Akashtuka, akaikunja kamba haraka haraka. “Jambo, Mama Mathilde. Naangalia tu.”

“Weye unaangaliaka na macho ao na kamba?”

Hakujibu. Bwana Gédéon hajibu kamwe, na hicho ndicho kinachonichemsha zaidi. Ukimgombeza anainamisha kichwa, anatabasamu kidogo kama mtu aliyesifiwa, halafu anaenda zake kufanya alichokuwa akitaka kufanya. Afadhali mwanaume anayepiga kelele. Anayepiga kelele mnapigiana kelele, mnachoka, mnakunywa maji, yanaisha.

Lukombe ni ziwa letu, ndani ya msitu, pembeni ya barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare. Si ziwa kubwa. Mtu mwenye sauti kama yangu akiita upande huu, wa upande wa pili anageuka. Miaka mitatu iliyopita Bwana Gédéon, mzaliwa wa Kasongo aliyesomea Bukavu, alikuja na karatasi zenye mihuri akasema hapo patakuwa mahali pa wageni kupumzika na kuangalia ndege na miti. Akajenga payoti moja kubwa, banda la nyasi lisilo na kuta, akachimba vyoo, akaleta mahema ya kijani na mitumbwi miwili, akapigilia ubao njiani. Watu wenye nyumba za mabati na vitanda vya mbao nzuri wakaanza kuja kwa pikipiki kulala chini kwenye hema, na asubuhi wanasema wamepumzika sana. Mimi nimelala chini utoto wangu wote na sikuwahi kuambiwa kwamba nilikuwa napumzika.

Mahema hayo aliyapanga penye kivuli kizuri kuliko vyote, na kivuli hicho ni cha miti yetu ya viwavi. Iko kumi na miwili, mirefu, na kila mmoja una wenyewe. Mama humwachia binti, binti humwachia binti yake. Ule uliokaribia maji zaidi ulikuwa wa mama yangu, na alipokufa ukabaki kwangu na kwa dada yangu mkubwa, Régina. Msimu ukifika, viwavi wananenepa huko juu kwenye majani mpaka unasikia mavi yao yanadondoka chini kama mvua ndogo. Tunaokota, tunachemsha, tunakausha kwenye mabati, tunakula na wengine tunapeleka soko la Kasongo. Madaftari ya binti yangu Elsa, sare yake, hata miwani yake, vyote vilitoka juu ya mti ule.

Ndiyo maana siku Bwana Gédéon alipokuja na mihuri yake, sisi wanawake tulikaa njiani na hatukuondoka. Shefu wetu wa kijiji, Jean-Marie, mtu mwenye akili na mwoga wa kelele zangu, akaandika mkataba. Nilimlazimisha ausome mara tatu kwa sauti, kwa hiyo najua kila neno. Miti kumi na miwili isiguswe maadamu inatoa viwavi. Ikipita misimu miwili haijatoa, mwenye kambi ana ruhusa ya kuikata. Lakini ikionekana kwamba kambi ndiyo iliyowafukuza viwavi, basi kambi itaondoka na miti itabaki. Sote tuliweka vidole. Tulicheka siku ile, kwa sababu tangu dunia iwe dunia miti ile haikuwahi kukosa viwavi hata mwaka mmoja.

Msimu uliofuata kambi, wanawake kumi na wawili hatukujaza hata kapu moja. Msimu huu umekwisha majuzi tu, na makapu yalirudi nyumbani makavu. Sasa mwenye kambi anapima miti kwa kamba, anataka mbao za kujengea vyumba juu ya maji, na Jumapili baada ya misa shefu atakuja kusoma mkataba kwa mara ya nne.

Mtaniuliza mimi nilikuwa nafanya nini na ufagio kambini kwa mtu huyo. Nilikuwa nafanya kazi. Nilijiambia kwamba kama adui anakaa nyumbani kwako, bora uwe ndani umwone. Na kazi yenyewe niliijua. Mtu yeyote wa Lusangi atakuambia kwamba uwanja wangu ndio safi kuliko vyote, hauna jani hata moja, nyoka akipita unamwona tangu mbali. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wengine wakizungumza wakiegemea majembe, mimi nafagia sehemu yangu na sehemu zao, huku nawatukana. Mama alitulea hivyo. Mwanamke anayeamka na uchafu mlangoni kwake, hata salamu hastahili.

Kwa hiyo nilifagia Lukombe kila asubuhi tangu mahema yalipofika. Sikufagia kama kibarua, nilifagia kama kwangu. Nilianzia payoti, nikashuka mahemani, nikazunguka chini ya miti yote mpaka kwenye mizizi, nikakusanya majani, nikayachoma palepale ili moshi ufukuze mbu. Mwanzoni kulikuwa na majani mazito, meusi chini, yaliyolala hapo tangu enzi za bibi zetu, na ilinichukua mwezi mzima kuyamaliza. Baada ya hapo udongo ukawa mwekundu, mgumu, unang'aa. Watoto wa wageni walicheza mpira juu yake. Mti mmoja tu sikufagia chini yake, ule wa kumi na mbili, ulio nyuma ya vyoo, kwa sababu ya harufu na upupu.

Siku moja tu, mwezi wa kwanza ule, Bwana Gédéon alinijia akiinama inama. “Mama Mathilde, haya majani uyaache. Wageni wanapenda pori likae kama pori.”

Nilimwambia aende akalale yeye na nyoka. Nilimwambia kama mama yake alimlea kwenye takataka, mimi sikulelewa hivyo. Nilimfuata na ufagio nikisema hayo, yeye anarudi nyuma, mpaka viatu vyake vikaingia majini na wageni wakacheka. Hakurudia tena.

Basi Alhamisi ile baada ya kamba, nilifagia kwa hasira mpaka ufagio ukakatika. Nikaenda kwa Régina, ambaye kwangu ni yaya, yaani dada mkubwa. Dada yangu ni mtu wa kimya, ana miaka kumi zaidi yangu, alinibeba mgongoni nikiwa mtoto wakati mama analima. Nilimkuta anapepeta mchele.

“Yaya, amepima muti wetu. Na kamba! Kama vile anapima ngombe ya kuchinja!”

“Nimesikia.”

“Nani alikuambia?”

“Sauti yako, Mathilde. Imefika hapa mbele yako.”

“Sasa tutafanya nini? Weye unakaa tu! Lazima tuseme ni kambi ndiyo imefukuza viwavi. Ule moshi wao, ile miziki, ile mashini ya umeme inalia kama nguruwe!”

Régina alipepeta tena mara mbili, akapuliza makapi. “Tutasema,” akajibu, bila kunitazama.

Ijumaa walikuja wanafunzi. Kumi na watano kutoka Kasongo, wakiongozwa na mwalimu wao wa biolojia, Madame Mounira, binti wa familia moja ya Waislamu wa mjini, mwenye buti za plastiki na kilemba cha rangi ya machungwa. Wangelala siku moja, wahesabu vitu hai vya msitu, warudi Jumamosi. Nilimpenda mwanzoni, kwa sababu aliwafanya wanafunzi wavue viatu kabla ya kuingia kwenye payoti. Jumamosi asubuhi nikamchukia. Nilipotoka kuchota maji niliwakuta wametapakaa chini ya miti yangu, wamefunga vipande vya udongo kwa nyuzi, wamepiga magoti, wanachimba. Udongo niliotoka kuufagia!

“Toka hapo!” nikapiga kelele. “Nani amewaruhusu kuchimba? Munafikiri mimi iko mutumwa wenu? Nimefagia hapa asubuhi hii hii!”

Wanafunzi waliruka kama panzi. Madame Mounira aliinuka polepole, akajipangusa magoti. “Jambo, mama. Utusamehe. Tutarudisha udongo vile ulikuwa. Tunahesabu wadudu tu.”

“Wadudu haviko. Nimeviondoa vyote.”

“Ndiyo, tumeona,” alisema. “Ndilo linanishangaza. Chini ya miti kumi na moja hatujapata hata kimoja, hata mchwa. Udongo umekuwa kama saruji, jembe linaruka.” Kisha akaniuliza, kwa heshima kabisa, “Mama, nani anafagiaka hapa?”

“Mimi.” Nilisema kwa kichwa juu.

“Mpaka kwenye mizizi?”

“Mpaka kwenye mizizi. Mimi sifagie nusu.”

“Na majani?”

“Nayachoma palepale.”

Halafu akanishika mkono, mimi, ambaye watu hawanishiki mkono, akanipeleka nyuma ya vyoo. Tulipita kwenye upupu tukiinua nguo. Mti wa kumi na mbili ulikuwa umesimama katika majani yake, mazito, yameoza, yananuka mvua. Hakuna mwanamke, hata mwenye mti huo, aliyekwenda kuutazama misimu yote miwili, kwani nani atakula viwavi wa chooni? Majani yake ya juu yalikuwa yametobolewa tobolewa, matawi mengine yameliwa yote. Mounira aliinama, akafunua majani yaliyooza kwa vidole viwili, akakwangua udongo laini chini yake. Vikatokea vitu vya kahawia, vigumu, vinene kama kidole gumba, vimelala kimoja kando ya kingine. Kimoja kilitikisa mkia. Wanafunzi walikuwa wamekwishahesabu sitini na kitu.

Sikuhitaji mwalimu anieleze. Najua tangu utoto kwamba viwavi wasiookotwa wanashuka, wanaingia chini ya majani, wanajifunga kwenye ganda, wanalala mpaka mvua iwatoe na mabawa wapande kutaga. Kila mtoto wa kwetu anajua. Hakuna aliyewahi kukataza kufagia chini ya miti ile, kwa sababu hakuna mwendawazimu aliyewahi kuufagia msitu. Mimi ndiye wa kwanza. Mwezi ule wa kwanza niliokuwa nasukuma majani meusi motoni na kujisifu, nilikuwa nachoma viwavi wa miti kumi na mmoja, wa wanawake kumi na mmoja, pamoja na wangu.

“Mama,” Mounira alianza.

“Nyamaza.”

Nilimkasirikia yeye, nilizikasirikia buti zake na nyuzi zake, na wale watoto waliosimama na madaftari wakinitazama. Mtu anakuja siku moja tu, analala usiku mmoja, anafunua jani moja, na maisha yako yote mema yanageuka kuwa uharibifu.

“Mimi sitasema kitu,” alisema hatimaye. “Ni mambo ya wenyewe. Lakini hii miti haijakufa, mama. Hivi vikitoka na mvua, vitatagia miti yote. Vinataka majani tu pa kushukia.”

Mchana wakafunga mahema, wakapanda pikipiki zao, wakaondoka wakiniaga kwa adabu. Sikuwaitikia.

Nilibaki nimekaa kwenye mtumbwi uliovutwa nchi kavu, nikaanza kufikiri, na fikira zilizonijia hazikuwa nzuri. Mkataba ulisema kama kambi ndiyo iliyofukuza viwavi, kambi inaondoka. Mounira amekwenda. Bwana Gédéon hajui kitu. Alikuwa amelala hemani mwake na redio sikioni. Nikifunga mdomo wangu, mara moja tu katika maisha yangu, kesho watu watasema moshi, watasema mashini, shefu atakubali, kambi itafukuzwa, na miti itabaki yetu. Majani yataanguka yenyewe. Hakuna atakayejua. Nilifurahi, nasema ukweli. Nilimwangalia yule bwana na redio yake nikaona ni haki kabisa, kwani si ndiye aliyeanza kwa kuja?

Jumapili payoti ilijaa. Wanawake wote wenye miti walikuja na waume zao na vijana wa kijiji, nguo za misa mwilini. Vijana walisimama karibu na mahema, na mmoja alikuwa na dumu la petroli la pikipiki ambalo hakuliacha nyuma. Shefu Jean-Marie aliegesha pikipiki yake, akatoa mkataba kwenye mfuko wa plastiki, akausoma. Kisha akawapa wanawake nafasi.

Alisimama Régina. Sikutegemea. Dada yangu hasimami mbele za watu, hata kanisani anasali akiwa nyuma.

“Shefu,” alisema, “viwavi havikuondoka vyenyewe. Huyu bwana alimwaga dawa ya mbu kwenye miti. Alimwaga kwenye mizizi, kila mwezi, ili wageni wake wasiumwe na mbu. Nimeona na macho yangu.”

Watu wakaguna. Vijana wakapiga hatua moja mbele. Ulikuwa uongo, na Régina hasemi uongo. Mwanamke huyu akiokota kijiko njiani anazunguka kijiji kizima kuuliza ni cha nani. Alipokuwa anasema alinitazama mimi, moja kwa moja, kisha akatazama chini. Sikumwelewa.

“Mutu mwingine aliona?” shefu akauliza.

Wanawake wengine wakaanza, huyu aliona chupa, huyu alisikia harufu. Hawakuona kitu. Walikuwa na njaa na hasira, na mtu mwenye njaa na hasira anaona unachotaka aone. Nawajua, mimi ni mmoja wao.

“Mathilde,” shefu akasema, “weye uko hapa kila siku. Sema. Ulimuona bwana Gédéon anamwaga dawa?”

Kila mtu akanigeukia. Ilikuwa kusema “ndiyo” tu. Hata kutikisa kichwa kungetosha. Nikamtazama Bwana Gédéon ili nipate hasira ya kusemea, nikamkuta amekaa kwenye kiti chake, ameinamisha kichwa na anatabasamu lile tabasamu lake dogo. Watu wanataka kumchomea mahema, wamemzulia sumu, na yeye anatabasamu! Hakujitetea. Hata kusema “si kweli” hakusema.

“Weye mwanaume wa namna gani?” nilimpigia kelele mbele ya wote. “Wanakuongopea, na weye unacheka? Juu ya nini hausemi? Hauna mdomo? Shefu, huyu hakumwaga kitu! Huyu hawezi hata kumwaga chai! Ni mimi! Mimi nimefagia! Nimefagia msitu miaka miwili na zaidi, nimechoma majani, nimechoma viwavi vyetu vyote ndani. Mimi!”

Sauti yangu ilikwenda mpaka ng'ambo ya ziwa na ndege wakaruka. Niliwapeleka nyuma ya vyoo, nikifoka njia nzima, nikapiga magoti kwenye upupu na gauni langu la misa, nikafukua kwa mikono, nikawaonyesha. Wanawake walitazama yale maganda ya kahawia yakitikisika kwenye kiganja changu, kisha wakanitazama mimi, na ningependelea wangenitukana. Mama mmoja mzee, ambaye mwaka ule alimwondoa mjukuu wake shuleni, alijifunika uso kwa kitenge akaondoka peke yake. Yule kijana alirudisha dumu lake kwenye pikipiki.

Shefu alisema mkono uliofagia ulikuwa mkono wa kambi, lakini pia ulikuwa mkono wa mwenye mti, kwa hiyo karatasi hii haimhukumu mtu. Alitoa msimu mmoja zaidi. Kuanzia siku ile hakuna ufagio wala moto chini ya miti, na mahema yahamie upande wa barabara. Mvua zikipita na viwavi wasirudi, bwana mwenye kambi atakata miti yote kumi na miwili na asiulizwe. Bwana Gédéon alisema amekubali. Wanawake walisema wamekubali. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Watu walipoanza kutawanyika nilimfuata Bwana Gédéon mpaka mlangoni mwa hema lake. Bado nilikuwa nachemka, na nilihitaji mtu wa kumfokea.

“Uliniambia niache majani,” nikamwambia. “Mara moja tu! Weye ndiye mukubwa wa kazi. Juu ya nini haukuninyang'anya ufagio? Juu ya nini haukunifukuza?”

Safari hii alijibu. “Nilitaka, mama. Kila asubuhi nilitoka kwa hema nikitaka kukuambia. Nikikuona namna unashika ufagio, narudi ndani.”

Nilimwita mwoga. Nikageuka nikakimbilia njiani, kwa sababu nilimwona Régina anaondoka na wengine, na nilitaka anieleze ule uongo. Nilimfikia penye migomba. Wengine walitangulia bila kunisubiri.

“Yaya, juu ya nini ulisema alimwaga dawa? Haukuona kitu!”

“Sikuona.”

“Sasa?”

Régina alisimama. Jasho lilikuwa linamtiririka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba dada yangu amezeeka. “Nilitaka shefu aangalie yule bwana,” alisema. “Asiangalie weye. Mimi nilijua ni ufagio, Mathilde. Tangu mwaka wa kwanza nilijua. Nilikuja siku moja kuangalia muti wa mama, nikakuta unachoma. Niliona hata viwavi vinapasuka ndani ya moto.”

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Misimu miwili! Watoto wamekosa shule, miti karibu ikatwe, na weye ulijua? Juu ya nini haukuniambia?”

“Na nani anaambiaka weye kitu, Mathilde?”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja jina la mto. Mimi nikavuta pumzi, maneno yakanijaa mdomoni, mengi, makali, nikainua mkono na kupiga hatua kumwendea. Na Régina, aliyenibeba mgongoni, akarudi nyuma.